Majibu hasi ya leo hayatoshi kuacha kondomu
Wapenzi wapya hupima VVU mara moja, wakiona majibu hasi wanaacha kondomu jioni ileile. Hapo ndipo penye hatari. Kipimo cha haraka cha damu ya kidole hutafuta kingamwili, yaani kinga ambazo mwili hutengeneza dhidi ya virusi, na mwili unaweza kuchukua hadi siku 90 kuzitengeneza. Kwa hiyo pimeni wote wawili, iwe hospitali ya Sekou Toure jijini Mwanza au kituo cha afya cha karibu, endeleeni na kondomu kila mara, kisha rudieni baada ya miezi 3. Ombeni pia vipimo vya kaswende na homa ya ini B, maana kipimo cha VVU hakiyaoni magonjwa hayo. Kondomu ikipasuka kabla hamjajua hali zenu, wahini dawa za PEP, za kuzuia maambukizi ya VVU baada ya tukio la hatari, ndani ya saa 72, mapema zaidi ni bora. Humezwa siku 28 bila kuruka.