Kabla ya kuweka sumu ya panya penye paka
Nyumba za mawe za Lamu, zenye dari za boriti na nyufa nyingi kutani, huwapa panya na mende maficho yasiyofikiwa na ufagio, na ndiyo maana wengi hukimbilia sumu ya dukani bila kuwafikiria paka wanaoingia na kutoka watakavyo. Sumu nyingi za panya huzuia damu isigande. Panya hafi papo hapo, bali hutangatanga siku kadhaa akiwa mlegevu, na paka anayemla huimeza sumu hiyo pia. Mtego uliowekwa ndani ya sanduku lenye tundu la kumtosha panya peke yake ni salama zaidi, na mzoga hauozi darini.

Linalosahauliwa mno, kwa maoni yangu, ni permethrini, kemikali ya kuua wadudu iliyomo katika baadhi ya dawa za kupulizia na za viroboto wa mbwa: ini la paka huivunja polepole sana, hivyo kiasi kisichomdhuru mbwa kinaweza kumtia paka mitetemeko na degedege. Soma kibandiko kabla ya kununua.

Kwa mende, ziba nyufa kwa chokaa, funika vyakula usiku, kisha nyunyiza asidi ya boriki, unga wa kuua mende, kidogo nyuma ya kabati, mahali ambapo mnyama hafiki, kwa sababu nayo si ya kulambwa. Penye kasuku au njiwa, usipulizie dawa chumbani humo kabisa. Kuhusu mbu, samaki wadogo ndani ya birika la kuhifadhia maji, desturi ya zamani ya nyumba za Lamu, hula viluwiluwi vya mbu bila kemikali yoyote.