Kupima uzito wa wanafunzi shuleni: kazi kubwa iko kwenye urefu na kwenye mdomo

Kilo peke yake hazisemi kitu. Mtoto wa kilo 34 anaweza kuwa mwembamba, wa kawaida au mnene kupita kiasi. Inategemea urefu wake, umri wake, na kama ni mvulana au msichana. Kwa hiyo zoezi la kupima uzito lina mambo matatu ya kuandikwa: kilo, sentimita na tarehe ya kuzaliwa. Kinachokosewa zaidi ni sentimita.

Kabla ya siku yenyewe, wazazi na walezi wapelekewe barua inayosema kitakachopimwa, nani atapima, nani ataona majibu na namna ya kukataa. Mzazi akikataa, au mtoto mwenyewe akigoma mlangoni, mwacheni bila kumbembeleza na mwandike "hakupimwa". Idadi ya ambao hawakupimwa iingie kwenye ripoti. Watoto wanaojionea haya kwa unene wao wana kila sababu ya kukwepa siku hiyo, na wasipohesabiwa shule itaonekana nyembamba kuliko ilivyo.

Tafuta chumba chenye mlango unaofungwa na sakafu ngumu iliyo sawa. Juu ya zulia au mkeka mizani hudanganya. Tumia mizani ya dijitali inayosoma hadi gramu 100. Ile ya mshale ya nyumbani iache huko huko nyumbani. Kila asubuhi, na kila inapohamishwa, ijaribu kwa jiwe la mizani la kilo 10 au 20 unalolijua vizuri. Ikipishana na uzito wa jiwe kwa zaidi ya gramu 100, angalia sakafu na betri kwanza, na ikiendelea usiitumie. Kwa urefu unahitaji kipimo chenye ubao wima na kibao cha kushusha kichwani, kinachosoma hadi milimita 1. Futi kamba iliyobandikwa ukutani hupinda, na ubao unaobandikwa chini ya ukuta, pale unapokutana na sakafu, husukuma visigino mbele.

Wapimaji wawe wawili, na mtoto aingie mmoja mmoja. Avue viatu, sweta na mkanda, atoe vitu mfukoni, abaki na nguo nyepesi. Kwenye mizani asimame katikati, mikono ikining'inia, asishike meza wala ukuta. Skrini ielekee kwa wapimaji. Hakuna anayetamka namba: wa pili aisome mwenyewe, aandike, wa kwanza akague karatasi. Hata "oh, vizuri" isiyo na nia mbaya mtoto huibeba hadi darasani, na huko ndiko utani unakoanzia.

Urefu ndio wa kuupa muda. Visigino viwe pamoja na vigusane na ubao. Matako, mabega na kisogo navyo viguse, kadiri umbo la mtoto linavyoruhusu. Mtoto mnene mara nyingi hawezi kugusa sehemu zote kwa pamoja, basi usimlazimishe, hakikisha tu amenyooka. Atazame mbele, ukingo wa chini wa tundu la jicho ukiwa usawa mmoja na tundu la sikio. Watoto hupenda kuinua kidevu wakidhani wanarefuka, kumbe kichwa kinalalia nyuma na kipimo kinapungua. Shusha kibao hadi kibane nywele, kisha soma macho yako yakiwa usawa wa kibao. Nywele zilizofungwa fundo juu ya utosi zifunguliwe. Zikishindikana, andika hivyo pembeni.

Pima mara mbili, mtoto akishuka na kupanda tena. Urefu ukipishana zaidi ya sentimita 0.5, au uzito zaidi ya kilo 0.1, pima mara ya tatu na uchukue wastani wa vipimo viwili vilivyokaribiana. Ukiona fomu imejaa namba zinazoishia na 0 na 5, ujue mtu anakadiria.

Sasa hesabu. BMI, yaani kipimo cha uzito ukilinganishwa na urefu, ni kilo gawanya kwa urefu wa mita uliozidishwa kwa wenyewe. Mvulana wa miaka 9 kamili, kilo 34, sentimita 130: 34 ÷ (1.30 × 1.30) = 20.1. Kwenye chati ya Shirika la Afya Duniani ya mwaka 2007, ya miaka 5 hadi 19, ambayo mistari yake huonyesha mtoto yuko mbali kiasi gani juu (+) au chini (−) ya mstari wa katikati wa watoto wa umri na jinsia yake, yuko juu ya mstari wa +1, yaani uzito umezidi. Mpimaji akikosea akaandika 127, BMI inaruka hadi 21.1 na mtoto anavuka mstari wa +2, ambao kwa umri huo ni 20.5: amekuwa na unene uliokithiri kwa sentimita tatu tu. Umri nao ni hivyo hivyo. Akifika miaka 10 mstari wa +2 umepanda hadi 21.4, ndiyo maana umri huhesabiwa kwa miezi kutoka tarehe ya kuzaliwa, si kwa darasa analosoma. Usitumie kwa watoto mipaka ya BMI ya watu wazima, yaani 25 kwa uzito uliozidi na 30 kwa unene uliokithiri.

Majibu yaende kwa mzazi kwa bahasha iliyofungwa, kamwe si kwenye ripoti ya masomo. Yaseme kipimo kiko wapi kwenye chati na pa kwenda kwa uchunguzi zaidi. BMI huchuja tu, haitoi hukumu ya ugonjwa. Barua ya aina hiyo hiyo impate pia mzazi wa mtoto aliye chini ya mstari wa −2, kwani ukondefu utajitokeza katika zoezi hili hili. Kama hakuna mtaalamu wa kumpokea mtoto baada ya barua, ahirisheni upimaji mpaka apatikane.

Uongozi wa shule upewe jumla za madarasa bila majina, na pale kundi lina watoto wachache kiasi cha kutambulika, liunganishwe na jingine. Mwaka unaofuata pimeni mwezi ule ule na saa zile zile, maana mtu huwa mrefu kidogo asubuhi kuliko jioni.