Vipimo vya afya vya kuhamia Kanada, kuanzia barua hadi kohozi

Mimi ni muuguzi. Kwa miaka kadhaa nimepokea watu wanaokuja kupimwa kwa ajili ya viza, na wa Kanada ni wengi. Wanaokwama kwa sababu ya ugonjwa wenyewe ni wachache. Wengi hukwama kwa jambo walilolificha, au kwa karatasi iliyobaki kabatini. Ndiyo maana naandika.

Hatua ya 1: Jua kama unahusika, na ni lini

Anayeomba ukaazi wa kudumu anapimwa yeye na wanaomtegemea wote, hata mtoto atakayebaki kwa bibi Tanga. Hili naomba ulishike sana. Mtoto ambaye hukumtaja wala kumpeleka kupimwa leo, kesho ukitaka kumwombea akufuate unaweza kuambiwa hastahili.

Mwanafunzi, mfanyakazi au mgeni atakayekaa zaidi ya miezi 6 anapimwa ikiwa, katika mwaka uliotangulia, ameishi miezi 6 mfululizo kwenye nchi iliyo katika orodha ya Kanada. Tanzania, Kenya na Uganda zimo. Kinachoangaliwa ni ulikoishi, si pasi yako.

Tangu tarehe 21 Agosti 2025, wanaopitia Express Entry (mfumo wa Kanada wa kuchagua wahamiaji wenye ujuzi wa kazi) wanapimwa kabla ya kutuma maombi. Waombaji wengine wa ukaazi wa kudumu husubiri barua ya idara ya uhamiaji, na ikishafika wana siku 30 za kupimwa. Majibu yanadumu miezi 12.

Hatua ya 2: Nenda kwa daktari aliye kwenye orodha

Tovuti ya uhamiaji ya Kanada inaorodhesha madaktari walioidhinishwa kwa kila nchi. Nairobi, kwa mfano, Shirika la Kimataifa la Uhamiaji (IOM) hufanya kazi hii. Daktari wako wa kila siku, hata awe bingwa, cheti chake hakitapokelewa. Gharama unalipa mwenyewe na hairudishwi hata viza ikikataliwa.

Akitokea mtu nje ya geti akakuambia atakutengenezea majibu mazuri, mpite. Daktari hapitishi wala hakatai viza. Anapima na kutuma, uamuzi unafanywa Kanada.

Hatua ya 3: Funga bahasha yako mapema

Weka pasi, barua ya uhamiaji yenye namba ya uchunguzi kama umetumiwa, miwani kama unavaa, orodha ya dawa unazotumia na kadi za chanjo ulizonazo. Kisha, kama uliwahi kuugua kifua kikuu (TB), hata kama ni miaka ishirini iliyopita, tafuta kadi ya matibabu na picha za zamani za kifua. Kadi ikipotea, rudi kituo ulikomeza dawa uombe barua, maana mara nyingi rejesta bado ipo.

Nakumbuka mama mmoja aliyekuwa anamfuata mwanawe Edmonton. Kwenye swali la TB alijibu hapana. Picha ikaonyesha kovu juu ya pafu la kulia. Nilipomuuliza tena akanishika mkono, akasema kwa sauti ya chini, "Mwanangu, nikisema si wataninyima?" Nikamwambia, "Hapana mama, kovu tumeshaliona. Tunachotaka sasa ni kujua ulitibiwa vizuri." Kadi yake ilikuwa nyumbani, ndani ya Kurani. Tulipoiweka kando ya picha, maelezo yakanyooka. Lakini makohozi ilibidi yapimwe.

Hatua ya 4: Siku ya kupimwa

Huna haja ya kufunga. Dawa za presha au sukari meza kama kawaida. Wapo wanaoziacha ili waonekane hawana ugonjwa, presha inapanda, na wanarudishwa kesho.

Daktari atauliza historia yako, atapima uzito, urefu, macho, masikio na presha, atasikiliza moyo na mapafu, atakagua tumbo, viungo na ngozi. Sehemu za siri hazikaguliwi katika uchunguzi huu. Una haki ya kuomba mtu wa pili awepo chumbani, na unaweza kuomba wakati wowote. Mama zangu wa pwani, msione haya kulisema.

Kuanzia miaka 11 kuna picha ya kifua. Kuanzia 15 kuna damu ya VVU na kaswende. Mkojo nao unapimwa. Ukiwa katika siku zako, sema, kwa sababu damu kidogo kwenye mkojo huleta kipimo cha marudio.

Kwenye picha, vua mkufu, hirizi na sidiria. Nywele zilizosukwa zifunge zikae juu ya kichwa. Rasta zikiangukia mabega hutoa kivuli juu ya pafu, mahali palepale TB hupenda kukaa, na picha inarudiwa. Mjamzito aseme mapema. Anaweza kusubiri hadi ajifungue, ila maombi nayo yatasubiri.

Hatua ya 5: Ukiambiwa ulete makohozi

Picha ikitiliwa shaka, utatoa sampuli tatu. Mbali na kuangaliwa kwa darubini, zinaoteshwa maabara, na kuotesha huchukua hadi wiki 8. Kwa hiyo usiache kazi wala kuuza kitanda.

Asubuhi, kabla ya chai, sukutua kwa maji matupu. Vuta pumzi ndefu mara mbili tatu, ishikilie kidogo, kisha kohoa kutoka chini kabisa ya kifua. Kinachotakiwa ni kile kizito. Mate meupe yanayoelea yatarudishwa. Ikionekana TB hai, utatibiwa kwanza, kisha safari inaendelea.

Kuhusu VVU na magonjwa ya kudumu

Kuwa na VVU pekee hakukufungii mlango. Kanada hukataa kwa sababu tatu: hatari kwa afya ya umma, hatari kwa usalama wa umma, na gharama kubwa kupita kiasi kwa huduma zao. Kikomo cha gharama hiyo mwaka 2025 kilikuwa dola 27,162 za Kanada kwa mwaka. Mume, mke na watoto wanaodhaminiwa na mwanafamilia, pamoja na wakimbizi, hawapimwi kwa kigezo hicho cha gharama. Basi usiache dawa zako, na usizifiche.

Ukishafika

Mwenye kovu la TB anaweza kupewa karatasi ya ufuatiliaji. Iweke pamoja na pasi, si kwenye begi kubwa. Kwa kawaida una siku 30 tangu kuingia za kuwasiliana na ofisi ya afya ya jimbo. Yule mama wa Edmonton alimpigisha mwanawe simu hiyo wiki ya kwanza.