Somo: Silaha yako imeibiwa nyumbani, ufanye nini mpaka uipate

Salaam wanachama. Somo hili ni kwa wale wanaomiliki silaha kwa kibali halali, na ni vizuri ulisome kabla hujaibiwa, kwa sababu nusu ya kazi inategemea karatasi ulizonazo leo. Televisheni ikiibiwa unahesabu hasara. Bastola ikiibiwa, kuna mtu usiyemjua anatembea na kitu cha kuua kilichoandikwa kwa jina lako. Kwa hiyo tuharakishe.

Hatua ya 1: Usiingie ndani. Ukikuta mlango umevunjwa, rudi nyuma. Mwizi anaweza kuwa bado yumo, na safari hii ameshika silaha yako. Nenda mahali salama, piga simu polisi, na sema mapema kwamba ndani kulikuwa na silaha, ili askari waje wakijua wanachokiendea.

Hatua ya 2: Acha kila kitu kilivyo. Najua hamu ya kufungua kasiki uhakikishe mwenyewe ni kubwa. Vumilia. Mlango wa kasiki, droo iliyovutwa na boksi la risasi lililotupwa sakafuni ndivyo vitu ambavyo mwizi amevishika. Ukivishika na wewe, unaziharibu alama zake za vidole. Polisi wakishamaliza, ndipo uhesabu kilichopotea pamoja nao: silaha, magazini, risasi, na hata kibali chenyewe kama kilikuwa humo.

Hatua ya 3: Namba ya silaha. Hapa nitakaa kidogo, maana ndipo silaha nyingi zinapopotelea moja kwa moja.

Polisi wanahitaji aina ya silaha, mtengenezaji, modeli, kaliba (kipimo cha upana wa tundu la mtutu) na namba. Hayo manne ya kwanza yanafanana kwa maelfu ya silaha. Namba ndiyo inayoitenga yako. Utaratibu wa kimataifa wa Umoja wa Mataifa wa mwaka 2005 kuhusu kuweka alama na kufuatilia silaha ndogo unataka alama hiyo ya pekee ipigwe kwenye sehemu ya msingi kama fremu, yaani kiunzi cha silaha. Bastola nyingi hurudia namba hiyo kwenye mtutu na slaidi (sehemu ya juu inayorudi nyuma silaha inapofyatuliwa). Shida ni kwamba bunduki huwa na maandishi mengine pia: namba ya modeli, namba ya hataza (haki ya uvumbuzi), alama ya aliyeiingiza nchini. Watu huandikisha hizo wakidhani ndizo zenyewe.

Halafu kuna herufi zinazodanganya macho. O na 0. I na 1. B na 8. S na 5. Ukikosea moja tu, askari ataikamata silaha yako huko mbele, ataitafuta namba kwenye mfumo wa silaha zilizoibiwa, na majibu yatakuja kwamba haina tatizo.

Kama hukuiandika popote, itafute kwenye kibali, risiti, boksi la asili, fomu za bima, daftari la aliyekuuzia, au kwa fundi wa silaha aliyewahi kuitengeneza. Pekua pia picha za zamani kwenye simu.

Hatua ya 4: Hakikisha imeingia kwenye mfumo. Kuandikisha maelezo kituoni ni jambo moja, namba kuingizwa kwenye kanzidata ya silaha zilizoibiwa ni jambo jingine. Marekani, kwa mfano, shirika la upelelezi la FBI linaendesha NCIC, kanzidata ya taifa ya taarifa za uhalifu, tangu 1967, na raia hawezi kuingiza chochote humo mwenyewe. Lazima polisi wamwingizie. Kwa silaha zinazovushwa mipaka, INTERPOL, shirika la polisi la kimataifa, lina mfumo wa kufuatilia silaha uitwao iARMS, ambao nao hutumiwa na vyombo vya dola. Kwa hiyo muulize mpelelezi waziwazi: "Namba imeshaingizwa?" Omba nakala ya taarifa, uisome tarakimu kwa tarakimu ukiwa palepale.

Hatua ya 5: Ijulishe mamlaka iliyokupa kibali, kwa maandishi. Kisha bima. Usichelewe, sheria nyingi zimeweka muda.

Hatua ya 6: Fuatilia bila kujifanya askari. Ukiiona inauzwa mtandaoni, hifadhi picha ya tangazo na jina la akaunti, umpelekee mpelelezi. Usimwandikie muuzaji, usipange kukutana naye. Kama una maganda ya risasi zilizowahi kupigwa na silaha hiyo, yapeleke pia; pini ya kufyatulia huacha alama ambazo maabara huweza kuzilinganisha na maganda yaliyookotwa kwenye tukio.

Hatua ya 7: Ikipatikana. Mara nyingi huwa kielelezo, hivyo itakaa mpaka kesi iishe. Siku ya kukabidhiwa, hakikisha imeondolewa kwenye orodha ya zilizoibiwa na upewe hati, la sivyo utakamatwa na silaha yako mwenyewe. Usiifyatue kabla fundi hajaikagua; mtutu unaweza kuwa umeziba au umekatwa.

MASWALI YA WANACHAMA

Mwalimu, wezi wakiisugua namba kwa tupa ndiyo basi tena?
Hapana, ndugu yangu. Namba inapogongwa kiwandani, chuma kilicho chini yake hugandamizwa. Wataalamu husafisha pale na kupaka kemikali za asidi, na mara nyingine namba hujitokeza tena. Wakichimba kwa kina sana, matumaini hupungua.

Niliirithi kwa marehemu baba na sina karatasi hata moja.
Pole sana. Anzia kwenye mamlaka ya vibali kwa jina la baba, kisha kwa aliyemuuzia. Eleza pia alama zake za pekee, kama ufa kwenye kitako au mkwaruzo. Hizo zitasaidia kuitambua ikishapatikana, ila mfumo hautafuti kwa mkwaruzo.

Bima walishanilipa, ikipatikana ni ya nani?
Kwa kawaida haki huhamia kwa kampuni ya bima. Soma mkataba wako. Baadhi hukuruhusu kurudisha fedha uichukue. Kukaa kimya na vyote viwili ni udanganyifu.

Nina uhakika aliyeichukua ni mtoto wa ndugu yangu. Nikimwomba airudishe kimyakimya kuna ubaya?
Upo, dada, na nakuelewa kabisa. Hujui imefanya nini tangu itoke kwako. Kama imepiga mtu, siku utakayoipokea utakuwa wewe ndiye uliyeishika. Toa taarifa, mtaje unayemshuku na sababu zako. Akija nayo mlangoni, mwambie aiweke chini na asogee mbali nayo, usiiguse, na uwaite polisi waje waichukue.