SOMO: Fisi maji, mnandi na mamba kwenye nyavu na vizimba, soma hapa kabla hujauliza

Wakuu poleni na mihangaiko. Kila nikifungua simu ni swali lilelile, "fisi maji amenimaliza nifanyeje", nikimjibu mmoja kesho anakuja mwingine na picha ya wavu umechanika na emoji za kulia. Naandika mara moja hapa. Ukiuliza kilichoandikwa nitakutajia namba ya hatua tu, usinune.

Nina vizimba vya kufugia sato upande wa Ilemela, Mwanza, Ziwa Victoria, na makila (nyavu za kutegea) bado natega, kwa hiyo nachanganya vyote viwili. Cha kushika kabla ya yote ni kwamba huyo mnyama hakuja kwa bahati mbaya. Anasoma ratiba. Unatega palepale, unavuta saa ileile, matumbo unatupa palepale, umemfungulia mgahawa halafu unashangaa ana appetaiti. Kazi yote iliyopo hapa chini ni kumvunjia mazoea, basi.

1. Mjue mwizi kwanza. Ukikuta samaki nusu kabaki kwenye wavu, kang'atwang'atwa, na tundu si kubwa, hapo fikiria fisi maji. Mamba hana adabu hiyo, anaondoka na samaki na kipande cha wavu, unakuta lango. Mnandi, yule ndege mweusi mpiga mbizi, hachani kizimba, anazamia makila na kwenye kizimba anamalizia vifaranga kama juu kuko wazi, na sato wakubwa utawaona wana makovu mgongoni. Na tundu lililonyooka vizuri kama limepitiwa na kisu, ndugu yangu, limepitiwa na kisu. Huyo ana miguu miwili na pengine mnasalimiana kila siku mwaloni, pale mitumbwi inapotia nanga.

2. Ondoka ukingoni. Fisi maji analala kwenye matete, mafunjo na mapango ya mawe, na anawinda karibu na kwake. Ukitega ukiegemea matete umempelekea mlangoni. Sogea maji ya wazi, kizimba ndo kabisa, na hata kwa afya ya samaki kina kirefu chenye mkondo ni bora kuliko kule kwenye magugumaji.

3. Punguza muda wa wavu majini. Watu wanatega jioni wanakuja kuvuta saa 2 asubuhi jua limeshawaka, wakati fisi maji wetu huyu mdogo mwenye madoa shingoni ni mnyama wa mchana, anaanza kazi kunapopambazuka. Saa 11 alfajiri uwe umeshaanza kuvuta. Na hama hama, usifanye eneo moja kuwa shamba lako la urithi.

4. Samaki waliokufa kizimbani toa kila asubuhi, matumbo fukia nchi kavu. Hakuna mjadala.

5. Wavu wa juu wa kuzuia ndege: kaza kama ngozi ya ngoma, ukilegea mnandi anatua katikati unazama nae anakula vizuri tu.

6. WAVU WA NJE. Hapa nakaa kidogo maana hapa ndipo nilipopigwa. Kizimba kinatakiwa kiwe na nyavu mbili, wa ndani unaobeba samaki na wa nje wa kumzuia adui. Mimi nilichukua wavu wa zamani wa uzi mwembamba nikauzungushia nje, haukuwa na uzito chini, nikajiona mjanja nimeokoa hela. Upepo ulipovuma mkondo ukausukuma ukagusana na wa ndani, ikawa kama haupo, fisi maji anang'ata kupitia hapohapo. Mwingine akanasa. Sasa fisi maji anavuta hewa kama mimi na wewe, akinasa chini ya maji anakufa, ila kabla hajafa anapigana, na katika kupigana alirarua nyavu zote mbili, sato wakaenda zao na mimi nikabaki na mzoga wa mnyamapori na kizimba kitupu. Kwa hiyo sikiliza vizuri:
- uzi uwe mnene na mgumu, usitumie kabisa timba (wavu wa nailoni ya uzi mmoja) wala wavu wa kutegea, ule umetengenezwa kunasa na utanasa
- matundu yawe madogo kiasi kichwa cha fisi maji hakipiti, kichwa kikipita na mwili umepita
- nafasi kati ya nyavu mbili iwe nusu mita au zaidi, pande zote NA CHINI. Watu wanasahau chini, na yeye anatokea chini
- uzito wa kutosha kuzunguka chini, wavu usimame wima hata siku ya mawimbi
- juu upandishe upite lile bomba la kuelea, mnyama huyu anapanda vizuri tu
- ukague kwa mkono kila wiki, tundu dogo leo kesho ni mlango

Huna hela ya wavu wa nje wa maana? Anza na kizimba kimoja. Bora kimoja kimevaa kuliko vinne viko uchi.

7. Usimuue. Kuna Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya 2009, kuua bila kibali ni kesi, na ukiacha kesi, ukimtoa huyu eneo linabaki wazi anakuja mwingine kwa sababu chakula bado kipo. Mamba anayezunguka watu usipambane nae na panga, toa taarifa kijijini na TAWA (mamlaka ya wanyamapori).

8. Weka daftari. Tarehe, saa, wapi, umekuta nini. Baada ya mwezi utaona mwenyewe ratiba yake.

Maswali chini.

—

kijana_wa_igombe: Mkuu somo zuri ila ni refu, kwa kifupi fisi maji nifanyeje?

Mwandishi: 1 hadi 8.

Nansio Finest: Huku Ukerewe kuna jamaa anaweka dawa ya panya kwenye dagaa anafunga pembeni ya wavu, anasema wameisha kabisa. Hii imekaaje?

Mwandishi: Imekaa kijinga. Maji hayohayo mnachota mnapikia. Furukombe akiokota huyo samaki anakufa, mbwa wako akiokota anakufa, na siku sato mwenye sumu akifika Kirumba sokoni tutakosa wateja wote, mimi na wewe. Mwambie jamaa aache, na sitaki kuliona tena swali hili hapa.

Nansio Finest: Nimeuliza tu mkuu mbona povu

Mwandishi: Na mimi nimejibu tu.

DadaSato: Kaka shikamoo, asante sana kwa hili. Mimi nimeanza na vizimba viwili vya kikundi, vifaranga tumeweka juzi. Swali langu, kuna tofauti ya ulinzi wakiwa wadogo na wakiwa wakubwa? Na hatuna hela ya kila kitu, kipi kitangulie?

Mwandishi: Marahaba dada. Swali zuri hili ningeliweka kwenye somo. Wakiwa vifaranga adui namba moja ni ndege, kwa hiyo wavu wa juu ndo utangulie, ni bei nafuu, hata kamba ngumu mnaweza kusuka wenyewe kikundi kikakaa siku moja mkamaliza. Wakianza kunona hapo ndo wa nje unahitajika kweli, kwa hiyo hela ya wa nje mna muda wa kuichanga. Ila hatua ya 4 haina gharama, anzeni kesho. Na mlinzi wenu mwambieni asilishe huku anatupia mnandi vile vilivyokufa, wengi wanafanya hivyo kwa mapenzi tu. Mkikwama nitumie picha ya kizimba.

DadaSato: Wabeja sana kaka 🙏

bosi_wa_injini: Naweka umeme wa sola kuzunguka kizimba, simple.

Mwandishi: Umeme, maji, na wewe umevaa ndala. Endelea.

Mpwani Ziwani: Mimi natokea Kilwa niko hapa Mwanza kikazi. Kule kwetu miezi ya 7 mpaka 11 nyangumi wanapita, na pomboo wananasa kwenye majarife (nyavu za kunasa samaki wakubwa). Hii kanuni yako ya mazoea inafanya kazi kwa nyangumi pia au ni mambo ya fisi maji tu?

Mwandishi: Aisee umenigusa, hili nimelifuatilia sana. Inafanya kazi na kule ndo utaielewa zaidi. Alaska wavuvi wa mishipi mirefu, ile yenye ndoano nyingi inalazwa chini kabisa, wanaibiwa na nyangumi wakubwa wenye meno. Nyangumi haoni mshipi, anasikia. Meli ikianza kuvuta, nahodha anaweka gia anatoa, injini inabadilisha mlio, ule mlio kwao ni adhana, wanakuja kutoka mbali kuchomoa samaki mmoja mmoja. Wamejaribu mengi, kilichosaidia ni kubadilisha zana, tangu 2017 Ghuba ya Alaska wameruhusiwa kutumia madema (mitego ya kasha) badala ya ndoano, samaki yuko ndani nyangumi hamfikii. Ukiangalia ni kizimba changu na wavu wa nje, wazo moja. Ila madema nayo yana kamba za kwenda juu, na kamba ndo inanasa nyangumi wengine, ndo maana upande wa Atlantiki wanahangaika na zana ambazo kamba inabaki chini mpaka unapofika kuvuta.
Kwa pomboo wa kwenu, Pakistani walishusha majarife mita 2 chini ya uso wa maji badala ya kuyaacha yaelee juu kabisa, pomboo walionasa wakapungua sana. Gharama yake ni kamba za maboya ziwe ndefu kidogo. Wapelekee wa kwenu hilo.

Mpwani Ziwani: Mita 2 tu? Na samaki hawapungui?

Mwandishi: Jodari waliendelea kupatikana vizuri, ndo maana wavuvi walikubali. Mvuvi ukimwambia apunguze samaki hakusikilizi, na mimi simlaumu.

kijana_wa_igombe: Kuna vile vidude vya kutoa sauti majini vinafukuza wanyama, tuagize China tuweke kwenye makila?

Mwandishi: Vinafanya kazi kwa wanyama waoga kama pomboo wadogo, Marekani wanavitumia kwenye nyavu tangu miaka ya 90. Lakini sili na simba bahari wamejifunza kwamba sauti ikilia kuna wavu, wanakuja mbio. Fisi maji nae si mjinga. Hela hiyo nunua uzi mnene.

mzee wa karabai: Somo limekaa vizuri kijana. Nyongeza, kwenye makila achana na madumu ya njano kama maboya kila mahali, mwizi wa miguu miwili anayaona kutoka kisiwa cha Saanane. Paka rangi ya kufifia weka alama yako unayoijua.

Mwandishi: Mzee shikamoo. Ila kiacheni kimoja kinachoonekana, boti za usiku zisipite na propela juu ya wavu.

mzee wa karabai: Marahaba. Kimoja, na kiwe na taa.

bosi_wa_injini: Umeme nimeacha. Ule uzi mnene unauzwa wapi, Kirumba au mjini?

Mwandishi: Afadhali. Anza Kirumba kwa mafundi nyavu, usinunue kabla hujauvuta kwa mikono miwili, na beba kipande cha wavu wako wa ndani ulinganishe.