Kupima hatari ya fangasi kwa kalamu nyuma ya chati ya joto

Mgonjwa wa lukemia kali ya mailoidi (saratani ya damu) akianza kemo (dawa za saratani), neutrofili, yaani chembe nyeupe za damu zinazopigana na bakteria na fangasi, zitashuka tu. Cha kujua ni zimeshuka kina gani na zimekaa huko chini siku ngapi. Mimi niko wodini Kisumu, na hesabu hii naifanya kwa mkono.

Hatua ya 1. Pata neutrofili zenyewe. Usisome jumla ya chembe nyeupe ukatulia. Jumla ikiwa 4,000 kwa mikrolita na neutrofili ni asilimia 5, mgonjwa ana 200 basi. Nyingi ya zilizobaki huenda ni chembe changa za saratani. Mashine huzichanganya, kwa hivyo omba mtu wa maabara aitazame slaidi kwa macho.

Hatua ya 2. Chukua 500, toa neutrofili za siku hiyo. Kinachobaki ni upungufu wa siku. Jumlisha siku zote tangu ziliposhuka chini ya 500.

Damu haikupimwa kila siku? Kwetu hilo ni la kawaida, maana kipimo ni pesa. Gawanya pengo sawasawa: Jumatatu 400, Alhamisi 100, basi Jumanne andika 300 na Jumatano 200. Upungufu ni 100, 200, 300, 400. Jumla 1,000.

Sasa chukua wagonjwa wawili, faili zote zimeandikwa "neutrofili chini, siku 7". Mmoja alikaa kwenye 400: jumla yake 700. Mwenzake alikaa kwenye 50: 3,150. Watafiti wa Brazil waliochapisha mbinu hii mwaka 2009 walitumia mpaka wa 5,800, na huyu wa pili akiendelea hivyo atauvuka siku ya 13. Ila msiifanye hukumu. Jumla ndogo inatuliza moyo kwa haki. Jumla kubwa inakwambia tu ukae macho, kwani wengi waliovuka hawapati fangasi.

Hatua ya 3. Zingatia pia mambo ambayo hesabu haiyaonyeshi: prednisoloni (dawa ya steroidi inayopunguza kinga) kuanzia miligramu 0.3 kwa kilo kwa siku, wiki 3 au zaidi (mtu wa kilo 60, hiyo ni miligramu 18). Fangasi ya mapafu aliyowahi kuugua. Saratani iliyokataa kutulia. Kisha uliza ya nyumbani. Anapukuchua mahindi? Anafagia banda la kuku? Jirani anajenga? Mbegu za Aspergillus, fangasi anayeshambulia mapafu, husafiri na vumbi.

Hatua ya 4. Homa ikigoma siku 4 licha ya antibiotiki, na jumla imepanda, tafuta skani ya CT ya kifua. Eksrei inaweza kuonekana safi. Huku kwetu kivuli cha pafu hubatizwa TB upesi mno. Peleka makohozi, sawa, lakini usingoje jibu ndipo uanze kufikiria fangasi. Na kama amekuwa akimeza flukonazoli, dawa ya fangasi, usijifariji: haigusi Aspergillus.