Mlango wa chuma umeliwa na kutu? Uandae hivi kabla ya kupaka rangi

Wanaokaa Pwani, Tanga, Dar, Unguja, Mombasa, wanajua chuma kinavyoliwa na hewa ya chumvi, na kinachoniuma ni kuona mtu ananunua rangi nzuri ya bei alafu anaipaka juu ya kutu, inang'aa siku mbili tatu, masika ikipiga tu inaanza kututumka na kubanduka magamba. Rangi haishiki kwenye kutu. Kazi kubwa ni kukwangua, kupaka ni mwisho mwisho.

Subiri jua, na asubuhi umande ukauke kwanza. Kama bawaba zinaruhusu ung'oe mlango uulaze juu ya matofali, maana ule ukingo wa chini ndo unaoza wa kwanza na ukiwa umesimama brashi haifiki kabisa. Kitasa kifungue, ukishindwa kizibe na tepu ya karatasi.

Anza kwa kuosha, sio msasa. Ukisugua kabla hujaosha unausambaza tu ule mafuta wa mikononi na grisi ya bawaba. Sabuni ya unga na maji yanatosha, ila please usisuuze na maji ya kisima cha chumvi, tumia ya bomba au ya mvua, chumvi ikibaki chini ya rangi inavuta unyevu na hapo malengelenge lazima yatoke.

Ukikauka, kwangua. Skrepa, brashi ya waya, alafu msasa namba 80 penye kutu, umalizie na 120. Mwenye grenda aweke brashi ya waya ila miwani avae, zile nyaya zinachomoka. Rangi ya zamani iliyoshika vizuri huna haja ya kuitoa yote, iparuze tu ipoteze mng'ao. Na kama ni ya miaka mingi inaweza kuwa na madini ya risasi, hiyo isugue ikiwa na maji maji uikaushe hapo hapo, vaa barakoa na watoto wakae mbali kabisa. Ukichokonoa na bisibisi ikatoboa, peleka kwa fundi wa kuchomelea, puti (ile ya kuziba matundu) haiwezi kuwa bati.

Sasa praima, yaani rangi ya kwanza ya kushikia chuma, na iwe siku hiyo hiyo, chuma kitupu kikilala usiku huku Pwani asubuhi kishapata wekundu. Futa vumbi na kitambaa chenye thina (ile dawa ya kuyeyusha rangi), paka redioksaidi, praima nyekundu ya kuzuia kutu, kwa brashi kwenye kona, kwenye maungio ya welding na kingo, kisha sehemu pana pitisha rola ndogo. Mlango wa bati la zinki redioksaidi ya kawaida haishiki vizuri, dukani omba praima maalum ya mabati ya zinki. Na usiuache na praima peke yake miezi, magetini naona sana hii, praima inapitisha maji na kutu inaendelea kwa chini.

Siku ya pili pitisha msasa 220 kidogo, futa, paka rangi ya mafuta. Koroga mpaka chini ya kopo, thina weka kidogo tu. Petroli mafundi wengine wanatumia, mi nakataa, inashika moto kirahisi mno. Paka mikono miwili myembamba, ukipaka mmoja mzito unapata michirizi, na paka kivulini sababu kwenye jua kali juu inakauka ndani bado mbichi. Kati ya mkono na mkono acha kama saa 24, ila cheki maelezo ya kopo.

Mlango wa 90 kwa 210 pande zote mbili ni kama mita 4 za mraba, kwahiyo lita moja ya praima na lita moja ya rangi zinatosha. Ukishaurudisha usiufunge kabisa siku hiyo, utaganda kwenye fremu na kubandua kingo zote. Rangi iliyobaki funga kopo vizuri, kutu mpya ikichungulia ukwangue hapo tu na upake hapo tu.